Jembe la Baba Ukumbini Mkolani

Siku hizi jembe la mkono limekuwa kitambulisho chetu Wasukuma. Limechorwa kwenye fulana zinazouzwa mjini Mwanza, na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, haijawa sendofu mpaka vijana wanaocheza bugobogobo walirushe juu na kulidaka huku ngoma inalia. Watu hushangilia, simu hurekodi. Nami hushangilia, lakini moyoni nanung'unika, maana nimezaliwa na mdakaji hasa.

Baba aliongoza kundi la kulima kijijini kwetu. Leo walilima shamba la huyu, kesho la yule, wamejipanga mstari mmoja, mpiga ngoma mbele yao. Ngoma ile haikuwa pambo, ilimkimbiza mvivu. Baba akimaliza tuta lake, hulirusha jembe, likazunguka mara mbili hewani, akalidaka kwa mkono mmoja bila hata kulitazama. Udongo ulimdondokea kichwani, naye hakujali. Nilijigamba shule nzima kwa ajili yake, na hadi leo nikizikumbuka siku zile machozi hunilengalenga.

Sendofu ya binti yangu tuliifanyia ukumbini Mkolani. Baba alikuwa ameinuka kutoka kwenye kiharusi, ila mkono wa kulia ulibaki mzito. Asubuhi ile aliniambia atarusha jembe mara moja tu, mjukuu wake amwone. Nikakataa. Nilihofia lisije likamwangukia na, niseme ukweli, niliogopa aibu mbele ya wakwe. Akaninunia mchana kutwa. Sisi kwa kununa hatujambo.

Vijana walipoanza kucheza, akainuka kabla sijamshika. Mpiga ngoma akamwamkia shikamoo, na kijana mmoja akamkabidhi jembe. Baba akalipima mkononi, akapapasa makali. Lilikuwa limepakwa rangi ya fedha na halijawahi kuonja udongo. Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, hakuwa amelirusha. Alikuwa anatoka nalo kwenda uani, akainama kando ya maua ya mwenye ukumbi, akaanza kulima tuta. Wageni wakamfuata wakicheka, isipokuwa mwenye ukumbi. Mpiga ngoma naye akaja nyuma yake akipiga kwa kasi ileile ya ndani.

Jembe la baba likachelewa. Yule mpiga ngoma akautazama ule mkono, akapunguza mdundo. Akapunguza tena, na tena, mpaka kila pigo likawa linatua pale jembe linapogusa ardhi. Binti yangu alipiga vigelegele huku gauni lake likiburuzika udongoni. Mimi nilijaa fahari, na hofu yote ya wakwe ikanitoka.

Tuta lilifika hatua nne hivi, baba akasimama, akauegemea mpini. Nikamfuta jasho na kumwambia amewashinda vijana wote.

"Zamani ngoma ilikuwa inanikimbiza, mwanangu," akasema. "Leo inanisubiri."