Guka Alikuwa Amelala, Nikamsimamisha

Jameni, leo nimerekebisha video nikagombezwa.

Ni video ya marehemu guka, babu yangu, akisalimia ng'ombe wake hapa Gatuanyaga. Aliyeichukua alishika simu vibaya, kwa hivyo guka ametokea akiwa amelala kwa upande.

Shosho, mkewe, huiangalia kila siku. Nikamwonea huruma, nikaizungusha.

Guka akasimama wima, kofia juu, gambuti chini. Nikampea shosho simu nikingoja baraka.

"Nani amekutuma umsimamishe?"

"Shosho, si alikuwa amelala?"

"Na mimi huwa nimelala!"

Hapo sikuelewa kitu.

Akanipeleka kwa kitanda. Akaegemeza simu kwa ule mto mwingine, akajilaza kwa upande.

"Sasa tutaangaliana aje, yeye akiwa amesimama?"

Basi nikaizungusha tena, haraka haraka. Kumbe nimezungushia upande ule mwingine! Guka amelala mzungu wa nne, gambuti zimeelekea kichwa cha shosho.

Wenye mnajua hizi vitu, nisaidieni. Shosho ameangalia simu, akaniuliza polepole:

"Kwani nimemkosea nini?"