Mikanda ya Gramafoni

Fahali alipigwa fimbo mpaka akafa, na fimbo ya kwanza ilikuwa yangu. Naanzia hapo, maana nikianzia kwenye muziki nitajipendelea.

Mume wangu alirudi kijijini kwetu Dirma kutoka vita vya Wazungu na gramafoni, santuri tano na gauni la maua mekundu. Wazee walisema sanduku lile lina pepo. Vijana walileta maziwa ili wasikilize. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita, na gauni lilikuwa pana, likanitosha.

Sisi wanawake wa Kibarabaig hatukuvaa gauni. Ukiolewa unavaa ngozi aliyokushonea mama yako, yenye shanga pindoni. Ngozi hiyo ni uzazi wako. Mwanamume akiiharibu, analipa fahali. Mke akiiharibu mwenyewe, hakuna mwanamke atakayekanyaga nyumbani kwake siku ya kujifungua. Atazaa peke yake, afe au apone. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto.

Basi wafanyabiashara wa Katesh wakaandaa dansi. Mume wangu alitaka kubeba gramafoni mgongoni, lakini kamba za katani zilikuwa zinamchuna mabega. Akalalamika kwamba angepata ngozi laini angefika mzima. Mimi nilikuwa nimeshavaa gauni, kichwa kimenivimba. Nikachukua kisu, nikachana upindo wa ngozi yangu, mikanda miwili, shanga zikiwa bado juu yake.

"Wewe! Unafanya nini?" akashtuka.

"Mke wa askari havai ngozi," nikamjibu. Mjinga mimi.

Tulicheza mchana kutwa, na nilifurahi, sitasema uongo. Lakini mwanamke mmoja wa kwetu alikuwa amekuja kuuza samli. Aliiona mikanda ya gramafoni, na kwetu kila mke anazijua shanga za mwenzake.

Siku ya tatu asubuhi wanawake walikuja. Walikuwa wengi mno, kila mmoja na fimbo aliyopewa siku ya ndoa yake, wakiimba wimbo ambao wanaume wakiusikia huondoka na mifugo yao kimyakimya. Waliung'oa mlango wa miiba. Mama mkwe wangu alikuwa mbele. Waliiponda gramafoni mpaka matumbo yake ya chuma yakamwagika, na santuri wakazivunja kama vigae. Mume wangu alijitupa juu ya sanduku lake, wakampiga yeye. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika. Hakuna mwanamume aliyesogea kumsaidia. Hata bwana shauri, mkuu wa serikali ya Wazungu, na askari wake wasingethubutu.

Kisha bibi kizee aliyewaongoza akainua fimbo, wakanyamaza. Akanigeukia mimi.

"Mwanangu, nani ameikata ngozi yako?"

Mtoto aligeuka tumboni. Mume wangu alikuwa chini, damu inamtoka puani. Neno lake moja lingenimaliza.

"Yeye," nikasema.

"Ni kweli?" bibi akamuuliza.

Alinitazama usoni, akatazama tumbo langu.

"Chukueni yule fahali mweusi," akasema.

Fahali yule mume wangu alimlea mwenyewe tangu ndama. Mama yake aliliwa na simba, naye akamnywesha maziwa kwa kibuyu, akakua akimfuata kila aendako. Kwa desturi yetu fahali wa faini huuawa kwa fimbo, na aliyekosewa hupiga kwanza. Nikampiga katikati ya pembe. Hakukimbia, alidhani ni mchezo. Ndipo fimbo nyingine zikamshukia, za mbavu, za macho, za magoti, na kazi ile ilichukua muda mrefu. Kila alipolia, mume wangu alimwitikia kwa mluzi, ule ule wa kumwita kwenye maji. Alipiga mluzi mpaka fahali akanyamaza.

Mama mkwe alinipaka samli kichwani, akanibariki.

Jioni nilijaribu kumwambia mume wangu neno, akanikatiza. "Nyamaza. Ng'ombe atazaliwa mwingine." Angenitukana ningepona. Mkono wake uliunga vibaya, akaondoka nao kwenda kwenye mashamba ya mkonge, na hakurudi. Mtoto wangu alipokelewa na wanawake kumi. Hajawahi kumwona baba yake.

Siku hizi mimi ndiye bibi kizee, na mimi ndiye ninayeuliza. Mke akishajibu mbele ya watu, namshika mkono, nampeleka nyuma ya nyumba, namuuliza tena kwa sauti ya chini. Wenzangu wanacheka. Wanasema nimezeeka, nasahau kwamba nimeshauliza.