Majimbo Tisa ya Mama

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama kwelikweli. Mwanamke mzima, miwani puani, nilikaa mezani kwangu Ganshoren, huku Ubelgiji, nikikariri bunge lina kazi gani na bourgmestre, yaani meya, ana kazi gani. Sikupenda. Tangu utotoni sipendi kuulizwa swali na mtu anayejua jibu.

Lakini nilikuwa na haja yangu. Paspoti ya bluu ya wakimbizi haikurudishi nchi uliyoikimbia, na kwetu ni Bukavu, aliko mama. Mama alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau sufuria motoni, halafu majirani, halafu wajukuu. Nilitaka uraia nipande ndege nifike kabla zamu yangu ya kusahauliwa haijafika. Basi. Hayo mengine ya bendera na wimbo wa taifa, mtanisamehe.

Mafunzo ya uraia yalikuwa mtaa wa Saint-Josse, juu ya duka la vitambaa. Tulitoka nchi nyingi, na saa ya kutoka kila mtu alikimbilia basi lake. Kwenye jengo langu, jirani wa lifti alinipa bonjour akitazama viatu vyake. Kazini nalisha mama za watu kwa kijiko, nawafuta midomo, nawaita chérie, halafu narudi kwangu nawasha redio ili nisikie mtu. Nilikuwa mpweke, sina haja ya kulificha.

Jumapili nilipiga simu. Mdogo wangu, anayekaa na mama na kuniita yaya, yaani dada mkubwa, akamwekea simu sikioni. "Mama, ni yaya. Iko anasoma mambo ya Bulaya."

Mama akauliza, "Ni Masera?"

Ndivyo walivyowaita watawa wa Kizungu waliomfundisha alipokuwa msichana mdogo, enzi za Wabelgiji. Nikasema hapana, mama, ni mimi. Hakunisikia. Alikuwa ameshaanza, kwa sauti nyembamba ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa: Anvers, Brabant, Flandre... Majimbo ya Ubelgiji, yote tisa, bila kujikwaa. Yesu wangu! Jina la marehemu baba lilikuwa limemtoka, lakini Limbourg ilikuwapo.

Nilicheka mpaka nikalia. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo njia yetu. Niliuliza kama mtawa, akajibu kama mwanafunzi, nami nikakariri naye. Nilijua najidanganya, ila mwenye njaa hana miiko. Nilijiambia kwamba simu ndiyo inayomchanganya, kwamba akiuona uso wangu atanijua.

Siku ya jaribio swali likaja: Ubelgiji ina majimbo mangapi? Nikaandika tisa bila kufikiri, huku namsikia mama masikioni. Mwalimu akasahihisha mbele yangu.

"Bon, maman, umepita," akasema. "Ila majimbo ni kumi. Brabant iligawanywa, sasa ziko mbili. Nani alikufundisha tisa?"

"Mama yangu."

Akatabasamu, akaandika kumi kwa kalamu nyekundu, akamwita mwingine.

Nilishuka ngazi na furaha yangu, sina wa kumpa. Wenzangu walishakimbilia mabasi. Nikasimama mbele ya duka la vitambaa nikapiga Bukavu.

"Mama, nimepita! Lakini tumekosa moja. Brabant wameikata mbili."

"Nani ameikata?"

"Wenyewe. Walishindwa kuelewana."

"Maskini. Na batoto walibakia na nani?"

Hilo halikuwa kitabuni. Nikamweleza kwamba sasa naweza kupeleka faili langu commune, ofisi ya manispaa, kwamba jibu litachukua miezi, kwamba anisubiri. Nisubiri, mama, nikasema, nisubiri tafadhali, na watu wa Saint-Josse wakanipita pembeni na mifuko yao ya sokoni. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Masera," akasema taratibu, "hata miye niko na mutoto kule Bulaya. Ukimuona, umuambie arudie nyumbani."

"Nitamuambia, mama."

Akacheka, kicheko cha msichana wa shule aliyemkamata mwalimu na kosa.

"Usiniite mama, Masera. Miye niko bado mutoto."