Majina Kumi na Moja

Barua niliiandika mimi. Nalisema hilo mapema kwa sababu wakati ule niliringa nayo. Wanawake wa kata iliyo jirani na kwetu Nyamwaga walikuwa wamechoka kuchota maji kwenye dimbwi wanalonywea ng'ombe, na walitaka kuandamana na ndoo tupu hadi ofisi ya wilaya. Mimi, kama wakili wao, nikawaambia tufuate sheria: polisi wapewe taarifa ya maandishi, saa arobaini na nane kabla, na kila mwandamanaji aweke jina na sahihi. "Mkijitaja wenyewe hakuna wa kuwashuku," niliwaambia, nikijiona msomi kweli kweli.

Hawakuhitaji kubembelezwa. Kwenye ritongo, baraza letu Wakurya, anayezungumza husimama watu wamwone na wajue ni wa ukoo gani, na siku hizi wanawake nao husimama. Majina yalifika kumi na moja. La mwisho lilikuwa la mjane aliyekuwa rafiki wa marehemu mama yangu. Hajui kuandika, akaweka dole gumba.

Siku ilipofika walitembea wakiimba nyimbo za kanisani, wakaketi juu ya ndoo zao nje ya ofisi, na jioni wakarudi makwao. Siku ya tatu walikamatwa.

Hati ya mashtaka nilipewa kwenye korido ya mahakama. Nilitegemea mkusanyiko usio halali, kosa ambalo dhamana yake ningeipata kabla ya chakula cha mchana. Nikasoma: ugaidi. Nikarudia kusoma. Nikamuuliza wakili wa serikali, ambaye tulisoma naye chuo, kama hajabeba jalada lisilo lake.

"Ndilo hilo hilo," alisema, bila kuniangalia.

Halafu nikaona majina. Kumi na moja, kwa mpangilio ule ule wa barua yangu, na la mjane likiwa la mwisho. Yule mama hakuandamana. Asubuhi ile ng'ombe wake alikuwa anazaa, ndama amekaa vibaya tumboni, na yeye na jirani yake walishinda zizini. Hakuna askari aliyemwona barabarani. Jina lake walilinakili kutoka kwenye karatasi yangu.

Hakimu aliwaambia wasijibu chochote, kwamba mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo na dhamana haipo. Mjane akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mimi sikwenda. Ng'ombe wangu alikuwa anazaa."

Akaambiwa tena asijibu. Upelelezi ulikuwa haujakamilika, warudi baada ya siku kumi na nne. Miezi imepita, wanaletwa na kurudishwa, na kila mara nasikia maneno hayo hayo nikiwa siamini masikio yangu.

Nikaamua kwenda Mahakama Kuu, Musoma, angalau mjane aachiwe. Nilihitaji hati ya kiapo ya jirani aliyekuwa naye zizini. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu.

"Nilikuwepo," alisema. "Huyo ndama nilimvuta kwa mikono yangu hii. Nitasema popote, hata mbele ya padri. Ila jina langu usiandike."

"Bila jina haitapokelewa, mama."

"Basi isipokelewe."

Nina hasira za karibu, na nilitaka kumkaripia. Nilitaka pia kumwambia kwamba hakuna baya litakalompata. Nikajisikia aibu, maana sikuwa na uhakika nalo hata kidogo. Niliaga, nikaondoka na karatasi yangu tupu.

Kesho yake nilikwenda gerezani kumwambia mjane kwamba shahidi wake amekataa, na kwamba nikimbana kidogo huenda akakubali. Niliongea haraka haraka, nimeinamisha kichwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Usimbane, mwanangu," alisema. "Wajukuu wangu wanakula kwake. Ukimwandika na yeye, watakula wapi?"