Paka Aliyekunywa kwa Wageni

Nilipoolewa Mweiga, miaka michache baada ya Uhuru, mama mkwe wangu hakunipenda wala hakunichukia. Alikuwa bado ananipima. Mimi natoka Runyenjes, ng'ambo ya mlima, na yeye alikuwa amekwisha kumchagulia mwanawe binti wa jirani, msichana wa mikono mipana ambaye angeweza kupalilia viazi tangu asubuhi mpaka jioni bila kunyoosha mgongo. Akaletewa mimi, mwenye vidole vya kushona vitambaa vya meza.

Mwezi wa nne wa ndoa yangu, binti yake aliyeolewa Gakindu alijifungua, na mama mkwe akafunga kiondo chake kwenda kumtunza kwa wiki tatu. Mume wangu alikuwa mwalimu huko Giakanja na alirudi Jumamosi tu, kwa baiskeli. Kwa hiyo boma zima likawa langu.

"Nimekuachia ng'ombe na paka," mama mkwe aliniambia akiwa mlangoni. "Nikirudi ndiyo nitajua wewe ni mtu wa aina gani."

Ng'ombe alikuwa na mimba, ameachwa kukamuliwa, na hakuwa na neno na mtu. Paka ndiye aliyetaka kuniua. Alikuwa dume kubwa la rangi ya majivu, aliyelinda mahindi na mbegu za viazi zisiliwe na panya, na mama mkwe alimpenda kuliko alivyowapenda baadhi ya watoto wake. Jina lake lilikuwa Nyau, ambalo kwa Kikuyu ni paka tu, maana hakuna aliyekuwa na muda wa kumtafutia jingine.

Siku ya nne nilimkuta amechuchumaa kwenye majivu nyuma ya jiko, anajikamua, na hakuna kitu kinachotoka. Akahama, akachuchumaa tena. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemziba.

Bahati nzuri daktari wa mifugo alipita siku hiyo kumwangalia ng'ombe. Nilimletea paka ndani ya gunia, na kwanza alicheka, kwa sababu katika kazi yake yote hakuna aliyewahi kumletea paka. Kisha alimbonyeza tumbo na akaacha kucheka.

"Mkojo bado inapita kidogo," alisema. "Lakini hii paka imekauka. Maziwa mulikuwa munaipea, sasa ng'ombe haitoi, na maji haikunywi. Ipatie maji mara sita kwa siku. Ikizibana kabisa, itakufa."

Mara sita kwa siku. Nilimwekea maji kwenye bakuli la bati, akayanusa akaondoka. Nikamwekea kwenye kifuniko cha sufuria, kwenye kibuyu kilichokatwa, kwenye sahani ya maua tuliyopewa harusini. Nikachemsha mifupa nikampa supu. Akala kipande cha nyama na supu akaniachia. Nikamfunga ndani ya gunia na kumnywesha kwa kijiko, na alama za kucha ninazo mkononi hadi leo. Usiku nilikuwa nikiota mama mkwe anashuka kwenye basi na kuniuliza, paka yuko wapi?

Siku ya sita mama mmoja jirani alikuja kuomba chumvi, ikawa ni saa ya chakula. Nilitoka na birika na karai kumnawisha mikono nje ya mlango, kama ilivyo desturi. Maji yalipoanza tu kumwagika, Nyau alitoka jikoni mbio, akaingiza kichwa chini ya mikono ya yule mama, na akayanywa maji yakiwa bado yanaanguka. Alikunywa kama mtu aliyetoka jangwani. Yule mama aliruka nyuma, nami nikaacha kumimina. Paka akaacha kunywa, akaondoka.

Nilibaki nimeshika birika. Nikayamimina mengine ndani ya karai, nikamwita paka, hakuja. Nikamleta kwa mikono, akageuza uso. Basi mtu mwenye akili zilizotulia angefikiri zaidi kidogo. Mimi akili zangu zilikuwa zimeshikwa na hofu, na nilifikia uamuzi mmoja tu: huyu paka hunywa mgeni akinawa.

Sasa, kwetu huwezi kumnawisha mtu mikono halafu umwambie kwaheri. Mikono ikishalowa, sahani sharti ije. Kwa hiyo daktari aliposema maji mara sita, kwangu ilikuwa na maana ya wageni sita na sahani sita za githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kila siku, mpaka mama mkwe arudi.

Nilisimama njiani kama mwenye duka. Nilimvuta mama aliyebeba kuni, mzigo ukiwa bado mgongoni. Nilimwita katekista aliyekuwa akienda kutembelea mgonjwa, na mgonjwa akangoja. "Karibu unawe," nilisema, na watu walikaribia, kwa kuwa kilikuwa kiangazi na hakuna anayekataa githeri yenye viazi.

Nikaanza kuwapenda na kuwachukia watu kwa namna walivyonawa. Katekista alinawa kidole kimoja kimoja, akapanda hadi viwiko, na paka akashiba; ningeweza kumbusu. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa shamba la juu aliyelowesha ncha za vidole tu na kuzipangusa kwenye leso.

"Nawa tena, mama," nilimwambia.

"Kwani unaona niko na uchafu?"

"Hapana. Maji iko mingi."

Alinawa tena akinitazama vibaya, na Nyau akapata mafunda mawili, matatu ya maji. Kuhusu paka aliyekuwa chini ya mikono yao, watu walisema tu kwamba paka wa hapa ana tabia mbaya. Ningesema nini? Kwamba hamkualikwa kwa ajili yenu?

Siku ya tatu ya karamu hiyo, katikati ya chakula, nilimwona Nyau kwenye majivu. Alichuchumaa, akatulia, na mkojo ukatoka. Ukatoka mwingi. Nilipiga makofi mbele ya wageni wanne, nikasema, "Asante Yesu," na katekista, asiyejua ni ya nini, akasema amina.

Jumamosi mume wangu alifika, akaona watu saba uani na sahani mapajani, akatupa baiskeli chini. "Nani amekufa?" aliniuliza. Nilimvuta jikoni nikamweleza. Alikaa juu ya kigoda na kucheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akalitazama gunia la mahindi na kuacha.

Mwisho wa wiki ya tatu watu hawakungoja kuitwa. Walikuja na mikono imenyooshwa. Gunia lilikuwa limefika chini ya nusu, maharagwe yalibaki kama debe moja, na mama mkwe akarudi.

Toka barabarani hadi nyumbani alikuwa ameshukuriwa na watu kumi na mmoja, na hakujua anashukuriwa nini. Alimkuta paka amenona na manyoya yanang'aa. Akaingia ghalani. Alipotoka hakupaza sauti. "Chakula yangu ilienda wapi?" aliuliza.

Nilimwambia yote, bila kuficha, nikiangalia miguu yangu. Alipomaliza kusikia alichukua birika, akaenda penye jiwe la kufulia, akamimina maji hewani, pole pole. Hakuna mkono, hakuna mgeni. Nyau alikuja, akainua kichwa, akanywa mpaka akatosheka.

"Hii paka haitaki watu," alisema. "Inataka maji ikianguka. Mimi huimwagia kila asubuhi."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Niliona haya. Mtu mzima kama mimi, kunywesha paka kama mtoto. Nilifikiri ikisikia kiu itakunywa tu."

Kabla sijasema neno, yule mama jirani wa kwanza aliingia langoni na wenzake wawili. Alimsalimu mama mkwe, akasema kwa sauti ya mzaha, "Tumekula hapa mpaka tumezoea. Sasa umerudi, ama ndiyo jiko limefungwa? Hata tumekuwa tunaulizana, huyu msichana ana nini na sisi?"

Mama mkwe alinitazama. Angeweza kusema ukweli, na ningechekwa kutoka hapo hadi Nyeri mjini, na ningestahili.

"Hana kitu," alisema. "Sisi kwa hii nyumba tuko hivyo." Kisha akaniwekea birika mkononi. "Nawisha watu. Mimi naenda kutoa mahindi."

Niliwanawisha wote watatu, paka chini yao, na machozi yakinidondoka hadi mama wa pili akaniuliza nina nini. Nilisema ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.