Nilivyoingiza baiskeli dukani Tunduma kutafuta miwani, nisije nikampita tena mama mkwe

Wakuu, kwema huko? Hili limenikuta mimi mwenyewe na mashahidi ninao. Anayebisha aje Ihanda nimpe kahawa, tubishane tumekaa.

Mimi ni mkulima wa kahawa hapa Mbozi, na nina ugonjwa wa baiskeli za milimani. Shida ni macho, sioni mbali. Bila miwani, mtu na mgomba kwangu ni kitu kimoja.

Mke wangu ni Mndali wa Ibaba, kule Ileje. Milima ya kwao ni raha tupu kwa sisi wapenda kuteremka. Njia nyembamba, mawe, ukungu, kona za ghafla.

Sasa mara ya kwanza kuteremka kule, miwani yangu ya kawaida ilikuwa inachomoka kila nikiruka jiwe. Nikaivua nikatia mfukoni (msinicheke). Chini kabisa nikampita mama mmoja kabeba kuni. Sikupunguza mwendo wala kusalimia.

Kumbe ni mama mkwe, nilikuja kuambiwa baadaye.

Huku kwetu ukikutana na mtu mzima unashuka kwenye baiskeli, unasalimia, ndiyo unaendelea. Mimi nikamwachia vumbi!

Mama wa watu hakufoka. Tangu siku hiyo nikifika anaitikia salamu, anaingia jikoni, basi. Iliniuma sana, maana ndiye aliyenitetea nilipokwenda kuposa.

Nikaenda Tunduma kutafuta miwani ya baiskeli. Nikapimwa macho, nikakaa kwenye kiti, nikachagua fremu nyeusi kubwa, lenzi za giza. Kwenye kioo nilionekana mtu wa maana.

Kuijaribu shambani, balaa. Ukiinama kushika usukani, macho yanatazama juu ya fremu. Ukiingia kivulini, giza. Nikaishia katikati ya mibuni.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Neema, mabuti yako ya shamba si ulitembea nayo kwanza dukani ndiyo ukanunua? Miwani ya baiskeli unaijaribuje umekaa kwenye kiti?"

Wakuu, nilirudi Tunduma na baiskeli yenyewe, nikaiingiza dukani. Muuzaji, dada mmoja mcheshi, akaishika kwa nyuma, nami nikapanda na kuinama kama nateremka mlima. Mteja mmoja kutoka Zambia akapaza sauti, "Bamudala," yaani mzee, "hapa siyo gereji!" Duka zima kicheko, na mimi nikiwemo.

Lakini kila fremu niliijaribu nimeinama, natikisa kichwa, nasoma bango la ng'ambo ya barabara.

Niliyochagua ni nyepesi, ina mpira puani na masikioni, na kamba ya kisogoni. Imepinda kidogo tu, maana dada alisema ikipinda sana, kwa lenzi za namba kubwa kama yangu ardhi itaonekana inayumba. Lenzi ni za plastiki ngumu, angavu, na pembeni kuna upenyo wa hewa ili ukungu usigande.

Ilipokuwa tayari nikapanda Ibaba na shemeji yangu Ambwene. Tukateremka. Jamani, niliona kila jiwe! Nilikuwa napiga kelele peke yangu kwa furaha.

Kabla ya kona ya mwisho, mbali kule chini, nikaona kitenge cha njano na kuku mwekundu kwapani.

Mama mkwe.

Nikakamata breki mapema. Nikashuka, nikakokota baiskeli mpaka alipo, nikainama.

"Shikamoo mama."

Akanitazama kwanza. "Marahaba. Leo umeniona?"

"Nimekuona toka kule juu, mama. Hata kuku nimemwona."

Alicheka, wakuu. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, nikasikia mwili mzima unakuwa mwepesi.

"Haya, mshike wewe," akasema. "Ndiye kitoweo chako leo."

Nilikokota baiskeli hadi nyumbani kwake, kuku kwapani, yeye pembeni ananisimulia habari za mahindi.

Nilichojifunza: miwani ya baiskeli ijaribu ukiwa umekaa kama utakavyoendesha. Wakikucheka dukani, cheka nao.

Wenzangu wa macho mabovu mnaopanda milima, nyie mnavaa miwani gani? Na kama umewahi kumpita mkwe wako na vumbi juu, sema hapa tukupe pole.