Upande Mmoja wa Kanga

Harufu ya karafuu iliyokaa muda mrefu na nguo hunirudisha nyumbani kwetu Dunda kabla sijajiandaa. Juzi mama mdogo alifungua sanduku la marehemu Bibi, harufu ikatoka, nami mtu mzima mwenye watoto wawili nikakimbilia uani, nikajifanya natafuta ufagio.

Sanduku lile la bati zamani lilitunza nguo za mama yangu. Alifariki nikiwa na miaka minane. Kwetu nguo za marehemu hazikai. Arobaini ikipita, ndugu huketi mkekani wakazigawa sadaka. Za mama hazikugawiwa. Bibi, aliyemzaa, alisema tu "bado," na kwa jinsi alivyolitamka neno lile hakuna aliyethubutu kuuliza lini. Majirani walinong'ona kwamba anamzuilia marehemu thawabu zake. Mimi nilifurahi. Bibi akijilaza mchana, nilifungua sanduku nikatia kichwa chote ndani, mpaka karafuu zinipigishe chafya.

Mwaka uliofuata masika yalikuja kwa hasira. Mto ulifurika, na watu wa bondeni wakaletwa mjini na nguo walizovaa tu, wakalazwa katika madrasa yetu. Sisi wenyewe hali ilikuwa ngumu, muhogo mchana na muhogo usiku. Hata hivyo ilitangazwa msikitini kwamba mwenye cha ziada atoe, na watu wakatoa, kila mmoja kwa akili zake. Jirani yetu alileta koti zito la sufu, hapa Bagamoyo ambapo mtu anatoka jasho akiwa amekaa. Mwingine alileta viatu vya harusi vyenye visigino virefu, sijui alitaka watu wavitembelee kwenye tope lipi. Bibi alivitazama vile vitu, akarudi nyumbani, akafungua sanduku.

Alitoa kila kitu. Alitoa magauni, mitandio, na kanga doti baada ya doti, akizikunjua na kuzikunja upya ingawa zilikuwa zimekunjwa vizuri tu. Ya mwisho ilikuwa ya zambarau. Maandishi yake sitayataja, ni siri yangu na mama. Upande wake mmoja ulikuwa na alama ya kuungua, kwa sababu siku moja mama aliacha pasi ya mkaa juu yake akigeuka kunicheka nilivyokuwa nikicheza ngoma na sufuria kichwani. Bibi alipokwenda kutawadha aliniachia nilinde furushi. Nikauchomoa upande ule ulioungua.

Mnajua wenyewe kwamba kanga ni mbili, moja ya kiunoni na moja ya kujitanda, na kumpa mtu upande mmoja ni kama kumpa kiatu kimoja. Nami nililijua hilo vizuri. Nilifumua mshono wa mto wangu wa kulalia, nikaisokomeza kanga katikati ya sufi, kisha nikaukalia.

Siku ya tatu mwanamke mmoja alipiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, amembeba kwa taulo. Kiunoni alikuwa amejifunga kipande cha pazia. Mkononi alishika ule upande mwingine wa kanga ya zambarau, umekunjwa vilevile kama Bibi alivyoukunja.

"Wameniambia hii imetoka kwako," alisema. "Nimeona mwenzake hayupo, nikajua amesahaulika nyumbani. Si vizuri kutenganisha doti ya mtu, mama. Nimeirudisha zikae pamoja."

Bibi aliipokea. Kisha akanitazama.

"Tatu, upande wa pili hukuuona?"

"Sikuuona, Bibi."

Taulo lilikuwa likiteleza, na yule mama alikuwa akimpandisha mwanawe kila mara kwa kiwiko. Niliyaona yote hayo. Niliona na lile pazia. Neno moja tu lingetosha, na mto wangu ulikuwa hatua kumi kutoka pale niliposimama. Bibi aliingia chumbani akatoka na doti yake mpya aliyojiwekea Iddi.

"Chukua hii, mwanangu. Hii imetimia."

Mwanamke yule alikataa, akasihiwa, akaichukua huku analia. Iddi ile Bibi alikwenda kuswali na kanga iliyopauka, na mimi nilitembea nyuma yake nikiangalia chini njia nzima.

Hakuniuliza tena. Ila baada ya wiki chache niliporudi kutoka shule niliukuta mto wangu umeshonwa. Mimi nilikuwa nimeubana kwa pini mbili. Sasa ulikuwa na mshono mdogo mdogo, umenyooka. Niliubinya, nikaisikia kanga bado imo ndani. Niliamini kabisa kwamba mama amekuja kuushona. Niliamini hivyo kwa miaka, na nililala vizuri.

Juzi ndipo tulipogawa nguo za Bibi. Chini kabisa ya sanduku, chini ya sanda aliyojinunulia akaishia kuvishwa nyingine, ulikuwapo ule upande uliorudishwa. Ulikuwa umepigwa pasi, na karafuu zake zilikuwa mpya. Miaka yote ile nilidhani msiba ulikuwa wangu peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyefiwa na mama. Sikuwahi kufikiri kwamba mwanamke aliyekuwa akinipikia muhogo alikuwa amemzika mwanawe. Alikuwa amejikaza akatoa vyote, na kimoja kiliporudi mlangoni hakuweza kukitoa mara ya pili. Nyumba moja, kila mtu na upande wake, na hatukuambiana.

Mto wangu wa utotoni ulikuwa bado chumbani pale nyumbani. Nilichukua wembe nikaufumua mshono wa Bibi. Ulikuwa mgumu, na nilisikitika kuukata kuliko nilivyotarajia. Nilizilaza kanga mbili pamoja mkekani. Moja ilikuwa imefubaa kidogo, nyingine ina alama ya pasi. Mama mdogo alizitazama muda mrefu.

"Hizi nazo niziweke na za kutoa?" aliuliza.

"Ziweke," nilisema. "Zimetimia."

Alizishika upande wake, mimi nimezishika upande wangu, naye akasubiri bila kuvuta, mpaka nikaachia.